Lucem Diffundo: Mji Ulioangaza Dunia kwa Mafuta ya Nyangumi



Katika nembo ya mji wa New Bedford, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, yameandikwa maneno mawili ya Kilatini ambayo frateri wa mwaka wa kwanza anaweza kuyatafsiri bila kufungua kamusi: Lucem diffundo, yaani, “Naeneza nuru.” Mtu akiyasikia anaweza kudhani ni maneno ya shirika la kitawa au ya chuo kikuu. Sivyo. Ni maneno ya mji wa bandari uliotajirika kwa kuwinda nyangumi na kuuza mafuta yao. Katika karne ya 19 mafuta hayo yaliwaka katika taa za nyumba, za mitaa na za minara ya kuongozea meli katika nchi nyingi.

Nilifika New Bedford wakati wa likizo iliyopita, nikiwa na shangazi yangu ambaye ameishi miaka mingi katika jimbo hilo akifanya kazi ya uuguzi. Katika makala hii nataka kueleza mji huo ulikuwaje, mgeni anaweza kuona nini akifika, na swali moja nililorudi nalo seminarini: nuru tunayoitumia inalipiwa na nani, na je, majina ya waliolipa tunayakumbuka?

Kwa nini nyangumi?

Leo tukibonyeza swichi taa inawaka, na umeme ukikatika tunalalamika. Miaka mia mbili iliyopita, mtu aliyetaka kusoma usiku alihitaji kitu cha kuunguza. Nyangumi alikuwa na mafuta mengi chini ya ngozi yake. Mabaharia waliyakata vipande vipande, wakayachemsha katika masufuria makubwa ya chuma juu ya sitaha ya meli yenyewe, kisha wakayatia katika mapipa.

Aliyetafutwa zaidi ni yule nyangumi mwenye kichwa kikubwa kama sanduku. Ndani ya kichwa chake kuna mafuta ya pekee ambayo yakipoa huganda yakawa meupe kama nta. Kutokana nayo ilitengenezwa mishumaa iliyowaka kwa mwanga mweupe, bila moshi mwingi wala harufu mbaya. Tumboni mwa nyangumi huyo huyo hutokea pia ambari, ambayo watu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki waliiokota ufukweni na kuiuza kwa wafanyabiashara wa Uarabuni tangu karne nyingi. Aina nyingine za nyangumi hawana meno, bali wana vipande virefu vinavyopindika mdomoni vya kuchujia chakula. Hivyo vilitumika kutengenezea miavuli na mavazi ya wanawake ya kubana kiuno.

Mwaka 1857, biashara ilipofikia kilele, New Bedford ilikuwa na meli 329 za kuwinda nyangumi na mabaharia wapatao 10,000. Hakuna bandari nyingine duniani iliyokuwa na meli nyingi kiasi hicho za kazi hiyo. Safari moja ilichukua miaka mitatu au minne, kwa sababu nyangumi wa karibu walikuwa wamekwisha na ilibidi kuwafuata Pasifiki, Aktiki na hata Bahari ya Hindi. Meli za Wamarekani za kuwinda nyangumi zilitia nanga Zanzibar kutafuta maji na chakula. Mwandishi J. Ross Browne, aliyefanya kazi katika mojawapo, alichapisha kitabu mwaka 1846 kuhusu safari yake pamoja na siku alizokaa Zanzibar.

Watu waliopanda meli

Baharia hakulipwa mshahara wa mwezi. Alipewa fungu la mapato ya safari nzima. Nahodha alipata fungu kubwa, na kijana asiye na uzoefu alipata fungu dogo sana, pengine sehemu moja kati ya mia moja na themanini, au chini ya hapo. Katika fungu hilo zilikatwa nguo, tumbaku na fedha alizokopa kabla ya kuondoka. Wako waliorudi baada ya miaka mitatu baharini wakiwa hawana kitu mfukoni. Mzee wangu mmoja wa uvuvi aliponisikia nikieleza hesabu hiyo alicheka akasema, “Kumbe na wao walikuwa na tajiri wa mtumbwi!”

Kazi ilikuwa ngumu na ya hatari, hivyo ilikusanya watu ambao kwingine walifungiwa milango. Walikuwapo Waamerika wenye asili ya Afrika, Wenyeji wa Amerika, watu wa visiwa vya Pasifiki, Wareno wa visiwa vya Azores, na Waafrika wa visiwa vya Cape Verde. Hao wa Cape Verde walipokelewa melini visiwani kwao, wakafika New Bedford, wakabaki. Walikuwa Wakatoliki, na mwaka 1905 wakaanzisha parokia yao ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, ambayo ndiyo parokia ya kwanza ya watu wa Cape Verde nchini Marekani. Kwa hiyo Ukristo wa Waafrika katika mji ule uliingia kwa mlango wa meli ya nyangumi.

Watu wawili wa mji huo wanastahili kutajwa kwa majina. Wa kwanza ni Frederick Douglass. Alitoroka utumwani Maryland mwezi Septemba mwaka 1838, akafika New Bedford na mkewe Anna, wakapokelewa nyumbani kwa Nathan na Polly Johnson. Nathan ndiye aliyempendekezea jina la Douglass, na nyumba yao bado ipo hadi leo. Mojawapo ya kazi za kwanza za Douglass akiwa mtu huru ilikuwa kupakia mafuta melini. Alikuwa fundi wa kukalafati meli, lakini mafundi weupe walikataa kufanya kazi pamoja naye, akabaki kibarua. Mji uliompa uhuru haukumpa usawa. Baadaye akawa mmoja wa wasemaji wakuu dhidi ya utumwa.

Wa pili ni Lewis Temple, mhunzi mweusi aliyezaliwa utumwani Virginia. Mwaka 1848 alibuni chusa chenye kichwa kinachogeuka kikiwa ndani ya mwili wa nyangumi, hata kisichomoke mnyama anapovuta. Kilibadilisha uwindaji wote. Temple hakukisajili kwa jina lake, wengine wakakitengeneza na kukiuza, naye akafariki mwaka 1854 bila kuuona utajiri wa kazi ya mikono yake. Leo ana sanamu mbele ya maktaba ya mji. Shangazi aliitazama kwa muda akasema, “Afadhali wamemkumbuka, ingawa wamechelewa.”

Mafuta ya taa na karabai ya nyumbani

Biashara hiyo iliporomokaje? Mwaka 1859 mafuta ya petroli yalichimbwa kwa mafanikio Pennsylvania. Kutokana nayo yalipatikana mafuta ya taa, ambayo yalikuwa rahisi kwa bei na hayakuhitaji mtu kukaa baharini miaka minne. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliharibu meli nyingi. Kisha mwaka 1871 meli 33, nyingi zikiwa za New Bedford, zilibanwa na barafu kaskazini mwa Alaska. Watu wote 1,219 waliokolewa, lakini meli ziliachwa huko huko. Matajiri wakahamishia fedha zao katika viwanda vya nguo. Safari ya mwisho ya meli ya nyangumi kutoka bandari hiyo ilikuwa katika miaka ya 1920.

Wengi husema kwamba petroli ndiyo iliyowaokoa nyangumi. Hilo ni kweli nusu tu. Taa ziliacha kuwahitaji, lakini injini na mizinga ya kurusha chusa ziliwezesha kuwawinda hata wale wenye mbio waliokuwa hawakamatiki zamani, na mafuta yao yakatumika kutengenezea sabuni na siagi ya mimea. Katika karne ya 20 waliuawa nyangumi karibu milioni tatu duniani, wengi kuliko wakati wa tanga. Nchi nyingi zilikubaliana kusimamisha uwindaji wa kibiashara kuanzia mwaka 1986. Tunajifunza hapo kwamba chombo kipya hakimfanyi mtu kuwa na kiasi. Kiasi ni fadhila, nayo hujengwa moyoni.

Mafuta ya taa yaliyoishinda New Bedford ndiyo yaliyonilea mimi. Nimezaliwa Ukerewe, katika Ziwa Victoria. Nilisoma darasa la kwanza hadi la saba kwa koroboi, na baba mdogo wangu alivua dagaa kwa karabai. Msomaji asiyetoka ziwani aelewe hivi: dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwepo. Taa huwekwa juu ya maji, dagaa wakaifuata nuru, na wavuvi wakawazungushia wavu. Ukisimama ufukweni usiku unaona taa zimejipanga mbali kama mji.

Usiku mmoja, nilipokuwa na miaka tisa, upepo ulikuja ghafla. Asubuhi mtumbwi wa baba mdogo ulionekana umepinduka. Wenzake wawili walipatikana. Yeye hakupatikana hadi leo. Bibi alikataa Misa ya kumwombea kwa karibu mwaka mzima, akisema mtu haitwi marehemu kabla hajaonekana. Shangazi, dada yake wa damu, alikuwa tayari Marekani na hakuweza kuja msibani. Na hata angekuja, hapakuwa na kaburi la kumwaga udongo.

Mifupa inayotoa mafuta

Sasa tuingie mjini. New Bedford iko mwendo wa kilomita 95 hivi kusini mwa Boston, na tangu mwaka 2025 treni ya abiria inafika tena huko. Sehemu ya zamani ya mji ilifanywa hifadhi ya taifa ya kihistoria mwaka 1996. Haina geti wala uzio. Ni mitaa ya mawe inayoshuka kuelekea bandarini, yenye benki, maduka na nyumba za wakati ule, na watu wanaishi na kufanya kazi humo. Ukitembea polepole, nusu siku inatosha kuizunguka, lakini vaa viatu vya kutembelea kwani mawe yale hayana huruma.

Makumbusho ya nyangumi yako juu ya kilima kidogo kiitwacho Johnny Cake Hill. Ndani yake kuna meli Lagoda, iliyojengwa kwa nusu ya ukubwa wa meli ya kweli ya jina hilo, na mgeni anaruhusiwa kupanda sitahani. Ukisimama pale unaelewa jinsi nafasi ilivyokuwa finyu kwa watu zaidi ya thelathini kwa miaka minne.

Kilichonisimamisha zaidi ni mifupa inayoning’inia ukumbini. Mmoja ni wa nyangumi wa buluu, dume ambaye hakuwa amekomaa, mwenye urefu wa mita 20 hivi. Hakuuawa na wawindaji; aligongwa na meli ya mafuta mwaka 1998. Miaka mingi baada ya kifo chake mifupa yake bado inatoa mafuta, tone kwa tone, na chini yake wameweka chombo cha kuyakinga. Mwingine ni jike wa aina ambayo wawindaji waliiita “nyangumi anayefaa”, kwa sababu huogelea polepole na akifa huelea. Aligongwa na meli mwaka 2004 akiwa na mimba, na mifupa ya mtoto wake imewekwa pamoja naye. Wa aina hiyo wamebaki chini ya 400 katika Atlantiki ya Kaskazini. Hatuwawindi tena, lakini bado wanakufa kwa haraka yetu ya kusafirisha mizigo.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba viumbe vingine vina thamani yao mbele ya Mungu, siyo tu kwa vile vinatufaa. Darasani nililielewa fundisho hilo kwa akili. Nikiwa chini ya mifupa ile, nikitazama tone la mafuta likijikusanya, nililielewa kwa namna nyingine.

Kanisa la mabaharia

Ng’ambo ya mtaa, mkabala na makumbusho, kuna kanisa dogo la mbao lililojengwa mwaka 1832. Linaitwa Seamen’s Bethel. Betheli ni Nyumba ya Mungu, jina ambalo Yakobo alipaita mahali alipoota ndoto ya ngazi. Si kanisa Katoliki. Lilijengwa na Waprotestanti wa mji waliotaka kuwasaidia mabaharia kiroho na kimaadili.

Mwandishi Herman Melville aliondoka upande wa pili wa bandari hiyo tarehe 3 Januari 1841, akiwa kijana wa miaka 21, kwa meli ya nyangumi iitwayo Acushnet. Katika riwaya yake Moby-Dick ya mwaka 1851 alilitumia kanisa hilo, akaweka ndani yake mhubiri anayehubiri kuhusu Yona kutoka mimbari yenye umbo la omo ya meli. Mimbari hiyo aliibuni mwenyewe. Baada ya filamu ya mwaka 1956, wageni walikuja wakiitafuta, wakasikitika kutoiona. Basi mwaka 1961 ikajengwa mimbari ya umbo hilo, na ndiyo iliyopo leo. Nilitabasamu, maana ni mfano mzuri kwa mwanafunzi wa falsafa: picha ilitangulia, na kitu chenyewe kikafuata. Mgeni asiyeuliza anapiga picha kitu kilichozaliwa na riwaya akidhani ni cha kale.

Lakini kuta za kanisa lile hazikubuniwa na mtu. Zimejaa mawe meupe yaliyochongwa majina ya waliokufa baharini, pamoja na umri wao, meli zao, mahali na namna walivyopotea. Mmoja alianguka kutoka mlingotini, mwingine alivutwa na kamba ya chusa, mwingine alichukuliwa na wimbi. Yaliwekwa na familia, na manahodha, na wenzao wa melini. Chini ya mawe hayo hakuna mwili hata mmoja, na ndiyo maana yaliwekwa. Tena orodha haikuishia zama za nyangumi. New Bedford bado ni bandari kubwa ya uvuvi, na majina ya wavuvi wa siku hizi yamo pia.

Shangazi alisoma jiwe moja baada ya jingine, taratibu, akipitisha kidole karibu na herufi bila kuzigusa. Kisha akaketi kwenye benchi. Baada ya muda aliniuliza kwa sauti ya chini, “Frateri, jina la ndugu yangu kwetu limeandikwa wapi?”

Sikuwa na jibu. Limeandikwa katika kitabu cha ubatizo cha parokia, nikafikiri, na katika daftari la Misa mara chache tulizotoa nia. Ukutani, mahali ambapo mama yake anaweza kusimama akaliona, halipo. Tulisali fumbo moja la rozari palepale, tukiwa wawili, katika kanisa la ndugu zetu Waprotestanti.

Tunalorudi nalo

Imani yetu haitegemei kupatikana kwa mwili. Tunasadiki ufufuko wa wafu, na Kitabu cha Ufunuo, sura ya 20, kinaitaja bahari miongoni mwa wanaorudisha wafu wao. Kristo mwenyewe aliitumia habari ya Yona, aliyekaa tumboni mwa samaki siku tatu, kuwa ishara ya ufufuko wake. Kwa hiyo aliyezama ziwani hayuko mbali na Mungu kuliko aliyezikwa kwenye makaburi ya parokia. Kanisa linamwombea vilevile, hasa tarehe 2 Novemba na mwezi ule wote.

Lakini binadamu ni roho na mwili, na ukumbusho nao unahitaji kitu cha kuona na kushika. Aliyefiwa bila kaburi hubaki mlangoni, haingii wala hatoki. Wale watu wa New Bedford hawakuwa watakatifu. Walimaliza nyangumi wa bahari nzima, wakapunja mabaharia wao, wakamnyima Douglass kazi ya ufundi wake. Hata hivyo walijua kwamba mtu aliyepotea akileta nuru nyumbani kwa mwingine hapaswi kupotea na jina lake.

Nasi tuna watu wetu: wavuvi wa dagaa, wachimbaji wa migodini, madereva wa usiku. Samaki tunaokula seminarini siku ya Ijumaa wamepita mikononi mwa mtu aliyekesha juu ya maji. Ukienda New Bedford, nenda makumbushoni, nenda kwenye nyumba ya akina Johnson, kisha uketi katika kanisa lile walau dakika kumi usome majina. Usipoenda, uliza parokiani kwako nani hawana kaburi.

Niliporudi nilimweleza paroko wa nyumbani. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema tuanze na ubao wa mninga karibu na Kituo cha Kumi na Nne cha Njia ya Msalaba, kabla ya Novemba. Makatekista wa vigango wanakusanya majina. Bibi hajui kusoma vizuri, lakini alituma ujumbe kwamba jina la mwanawe liandikwe chini, usawa wa mkono wake, aweze kulifikia.